Kuhusu Watu Waliokusanyika Mahali pa Kukusanyika

Ofisi ya Afya, Usalama na Udhibiti wa Hatari,
Chuo Kikuu cha Mwambao,
Kampasi ya Junda, Kisauni.

Kwa Profesa Caroline Kadenge,
Mkuu wa Kampasi.

Mheshimiwa Profesa,

KUH: OMBI LA KUWAONDOA WATU MAHALI PA USALAMA ILI WAPATE KUOKOLEWA

Nakusalimu kwa heshima zote unazostahili, na nyingine za ziada, maana wenyeji wamenionya kwamba salamu zangu huwa fupi kama za mtu anayewahi treni Miritini. Natumai hujambo, wa nyumbani hawajambo, na ile homa iliyokushika wiki jana imekuachia. Baada ya hayo, naomba ruhusa nilalamike.

Mimi ni Justus Kyalo, afisa wako wa Afya, Usalama na Udhibiti wa Hatari. Nimeandika jina na cheo kwa ukamilifu kwa sababu juzi uliponikuta ukumbini nimepanda ngazi uliniuliza kama nimekuja kurekebisha feni. Sikukasirika. Jaketi langu la riflekta ni rangi moja na la mafundi, na kusema kweli feni niliirekebisha.

Unajua, Profesa, kwamba baada ya likizo wakaguzi wanatujia kutoka makao makuu. Watabonyeza king'ora, watasimama na saa zao mkononi, na watataka kuona watu wakitoka majengoni kwa utaratibu na kuelekea mahali pa kukusanyika. Wewe mwenyewe uliniambia, kwa ule upole wako, kwamba zoezi hilo likivurugika, nafasi yangu itaunganishwa na ya mtunza bustani. Mimi ni mtu wa Mwingi, nimeteremka pwani kutafuta riziki, na mke wangu Pascalia ameshawatangazia majirani wote wa Bombolulu kwamba mumewe ni afisa. Kukata nyasi si dhambi, lakini mimi hata kufyeka sijui. Kwa hiyo hii ni barua ya mtu anayetetea kazi yake, na malalamiko nimeyapanga kwa nambari ili yasikanyagane mlangoni.

1. Watu wamekusanyika mahali pa kukusanyika.

Nilipoanza kazi nilitafuta mahali pa kukusanyika kwa kufuata mwongozo: pawe wazi, mbali na majengo, mbali na vioo, na gari la zimamoto lipate njia. Nikalipata lile banda lililojengwa kwa ajili ya kungojea basi la chuo, basi ambalo hadi leo halijanunuliwa. Lina paa, lina baraza za saruji pande tatu, na upepo unapita bila kuzuiwa na mtu. Nikasimamisha pale kibao cha kijani chenye picha ya watu na mishale ikiwaelekea. Nilidhani nimeweka alama ya dharura, kumbe nimetoa mwaliko. Watu wa kampasi walikisoma kibao, wakaona kina maana, wakakusanyika, na mpaka sasa hawajatawanyika. Asubuhi wapo, adhuhuri wapo, alasiri ndiyo wanajaa. Wahadhiri wanasahihisha mitihani pale. Makarani wanagonga mihuri pale. Mwezi uliopita posa ilipelekwa pale pale na ikakubaliwa, nami nikapekua mwongozo wote nisione kifungu kinachokataza posa.

2. Zoezi la kwanza.

Nilibonyeza king'ora. Jengo la utawala lilitakiwa liwe tupu upesi, na likawa tupu, kwa kuwa lilikuwa tupu kabla sijabonyeza. Mtu pekee aliyetoka ni mimi. Nilitoka mbio na kipaza sauti, nikiwahimiza watu wasisukumane, watu ambao hawakuwa nyuma yangu. Nilipofika bandani niliwakuta wote wameketi, wamekunja nne, wananitazama ninavyohema. Mmoja wao akanipa maji. Katika ripoti ilinibidi niandike ukweli, kwamba kampasi nzima iliokoka kabla ya hatari kuanza, na aliyechelewa ni afisa wa usalama. Makao makuu walinijibu kwa barua ya kunionya kuhusu kuchelewa.

3. Zoezi la pili, pamoja na suala la salamu.

Nikaona nibadili mbinu: kwanza niwaondoe bandani, warudi ofisini, halafu ndipo nibonyeze king'ora ili watoke tena. Nikaenda, nikapiga filimbi, nikaamuru waondoke. Hakuna aliyejitikisa. Mzee Faki, mlinzi wa lango kuu, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kuwa kiongozi wa zoezi la moto, alinitazama kwa huruma, akataka kujua kama huko kwetu watu hufukuzwa hivi hivi bila hata kujuliwa hali. Niliona haya wallahi, na neno hilo mimi Mkamba wa kanisani nimelipata hapo hapo bandani.

Basi mara iliyofuata nilianza na salamu. Nikampa Mzee Faki shikamoo yake, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Bombolulu, za mke, za watoto, na kama kwetu mvua imenyesha. Nikahamia kwa wa pili, naye hakutaka kupunjwa. Nilipofika baraza ya tatu, wale wa baraza ya kwanza walikuwa wameshabadilika, wamekuja wengine ambao sikuwa nimewasalimu. Kwa kadiri ya elimu yangu, moto wa kawaida ungekuwa umeshaimaliza maktaba na kuhamia maabara, na mimi bado nauliza hali ya mbuzi wa mtu huko Kaloleni. Linaloniudhi zaidi ni kwamba nilifurahia. Yule mbuzi alizaa pacha, na habari hiyo niliipeleka nyumbani.

4. Karai la Mama Kafedha.

Mama Kafedha ndiye anayetuuzia viazi karai kwenye pembe ya banda. Nilimfanyia tathmini ya hatari bila upendeleo. Mafuta yanachemka, jiko la makaa halina kizuizi, na ukwaju wenye pilipili unapitishwa karibu na macho ya watu. Ndoo nyekundu ya mchanga niliyoiweka kwa ajili ya moto, yeye amesimamishia mwavuli. Mtungi wa kuzimia moto ameuegemezea ubao wenye majina ya vyakula vya siku. Nilimweleza yote hayo kwa lugha ya kitaalamu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa kiazi kimoja nikionje, ili nikijue vizuri kitu ninachokipiga vita.

Nilikitia mdomoni kabla hakijapoa. Hivyo ndivyo ilivyotokea ajali ya pekee ya mwaka huu katika kampasi hii, na majeruhi ni mimi. Huduma ya kwanza nilijipa mwenyewe, kwa maelekezo ya Mama Kafedha, ambaye alinishauri nitoe ulimi nje upigwe na upepo. Nikasimama pale mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ulimi nje, jaketi la riflekta kifuani, na kibao cha usalama juu ya kichwa changu. Naomba picha zote zilizosambazwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi zifutwe, kuanzia ile uliyoiwekea kicheko wewe, Profesa.

5. Takwimu za Daktari Tsofa.

Ajali hiyo nayo imetumiwa dhidi yangu. Daktari Tsofa, mhadhiri wetu wa takwimu, amechora kwa chaki kwenye sakafu ya banda mchoro unaoonyesha kwamba tangu watu wahamie nje, ajali zimepungua mpaka ikabaki moja tu, na hiyo moja ilitokea wakati wa ukaguzi. Akahitimisha mbele ya hadhara kwamba chanzo cha ajali katika kampasi hii ni ukaguzi. Nimeukagua mchoro huo nikitafuta kosa. Sikuliona, na nilipokuwa narudi nyuma niutazame kwa mbali nikajikwaa kwenye baraza. Akaongeza alama nyingine.

6. Mtu mmoja mwenye cheo.

Hili naliandika kwa uangalifu. Yupo mtu mwenye cheo kikubwa katika kampasi hii, hata hakuna kinachokizidi, ambaye kila asubuhi kwenye saa ya chai huteremka ngazi, huketi baraza ya katikati, huvua viatu, na kuendesha vikao vya wakuu wa idara huku akichovya kiazi kwenye ukwaju. Simtaji. Nataka tu umwambie, mtakapoonana, kwamba nikiomba miadi naye katibu wake hunijibu kuwa yupo mkutanoni, na nikienda bandani kuwafukuza watu ndipo ninapoukuta mkutano wenyewe. Siku moja nilijikaza nikamwamuru aondoke pamoja na wengine. Aliniomba nisubiri amalize kisa alichokuwa akikisimulia. Kilikuwa kisa kizuri. Nilicheka na wenzangu, nikarudi ofisini, na nilipoketi ndipo nikakumbuka nilichokuwa nimefuata.

7. Kibao.

Nilipochoka nao nilikwenda mapema kabla hawajafika, nikaking'oa kibao, nikakipeleka kule uwanja wa changarawe, juani, mahali ambapo hata paka hapendi kulala. Siku ya pili yake nilikikuta kimerudi bandani, kimepakwa rangi upya na kimekazwa kwa saruji. Mzee Faki alinieleza kwamba walidhani kimeibwa, wakanionea uchungu kwa sababu wanajua ninavyokipenda, wakazunguka kampasi nzima kukitafuta. Niliwashukuru, na nikawasaidia kuosha brashi.

8. Mimi ndiye mtu pekee aliye hatarini.

Hapa hoja yangu inapanda, Profesa, naomba tupande pamoja. Ikiwa watu wote wako mahali pa usalama, na majengo yote ni matupu isipokuwa ofisi ya usalama, basi hatari yote ya chuo hiki inanikalia mimi kichwani. Ramani za kutokea nilizobandika kila ghorofa ninazisoma mimi. Mafunzo ya kutumia mtungi wa kuzimia moto nilijifundisha mwenyewe, nikajitungia mtihani, na swali moja likanishinda. King'ora kikilia natoka peke yangu, nafika nje, naliita jina langu, naitika. Juzi hivi nilikuwa nimechoka, nikasahau kuitika, nikarudi ndani kujitafuta.

Na huko ofisini ni kimya. Vicheko vyao vinanifikia kwa dirishani. Jioni Pascalia akiniuliza habari za kazini namsimulia mambo ya bandani, nani kasema nini na nani kamjibu vipi, kana kwamba nilikuwa nimekaa nao. Sikuwa nimekaa. Mimi nikienda pale nimekwenda kufukuza, na mtu aliyekuja kufukuza hawezi kuvuta nafasi akaketi. Nikitokea na jaketi langu mazungumzo yanapungua, wananyanyua miguu kama vile nimekuja kupiga deki. Jambo hilo linaniuma, na nalisema lilivyo, ingawa najua halimo katika majukumu ya ofisi yako.

9. Maombi yangu.

Kwa sababu zote hizo naomba uchague lolote kati ya haya yafuatayo. Kwanza, utoe waraka kwamba ni marufuku kukusanyika mahali pa kukusanyika bila kuwapo moto. Ikiwa waraka utasomewa bandani, na naogopa ndiko utakakosomewa, basi tuugeuze mpango wote. Banda litangazwe kuwa ndilo jengo, na majengo yatangazwe kuwa ndiyo mahali pa kukusanyika, ili king'ora kikilia watu wakimbilie ofisini na kukaa nyuma ya meza zao mpaka hatari ipite. Wengine itakuwa mara yao ya kwanza kuziona meza hizo tangu muhula uanze.

Hilo nalo likionekana zito, naomba kibali cha moto mdogo. Nasema mdogo, moto wa adabu, wenye mwanzo na mwisho, uwashwe nyuma ya banda na mtu mwenye cheti cha usalama, ambaye ni mimi, kwa kusudi la kuwatia watu woga kiasi cha kuinuka tu. Na ikiwa moto hauwezekani, basi kila mfanyakazi aandikiwe barua ya kumtaka awe hatarini kila siku ya kazi, kuanzia asubuhi hadi alasiri, na yeyote atakayepatikana akiwa salama bila ruhusa achukuliwe hatua za nidhamu. Sentensi hiyo nimeirudia kuisoma nikahisi ina kasoro mahali, lakini nimeitafuta sikuiona.

Nimesema mengi, na kama nimekosa adabu popote unisamehe, nimeandika nikiwa na njaa. Nisalimie Mzee Faki, najua mnakaa karibu. Mwambie Mama Kafedha kwamba ulimi umepona. Daktari Tsofa msalimie pia, ila asiandike popote kwamba nimemsalimu. Wasalimie na wale wa baraza ya tatu ambao siku ile sikuwafikia, pamoja na mbuzi na wanawe.

Ni mimi, niliyebaki ndani kwa ajili ya usalama wenu,

Justus Kyalo,
Afisa wa Afya, Usalama na Udhibiti wa Hatari (na feni).

Nakala: Makao Makuu, Baraza la Chuo, Chama cha Wafanyakazi, Serikali ya Wanafunzi, Kikosi cha Zimamoto, mimi mwenyewe.

Baada ya sahihi:

Haya nayaandika kwa mkono, kwa kuwa printa hatunayo tena. Nilipokuwa nikizitoa hizo nakala zote, ilielemewa. Ilianza kunuka, ikatoa moshi, na king'ora kikalia bila mimi kukigusa. Mwongozo niliouandika mwenyewe unasema mtu aache kila kitu atoke. Sikutoka. Nilikuwa nangojea ukurasa wa lalamiko la nane. Moshi ulipojaa chumbani nikautafuta mlango nisiuone, na mlango huo uko pale pale tangu nilipoajiriwa.

Wakaja. Wote, Profesa, na wewe ukiwamo, miguu mitupu. Waliacha mahali pa usalama wakakimbilia ndani ya jengo linalofuka moshi, kinyume kabisa cha mishale. Walisukumana kwenye ngazi. Mama Kafedha aliyaacha mafuta motoni bila mwangalizi, akaja na leso iliyorowa maji akanifunika nayo uso, na Daktari Tsofa akaing'oa waya ya umeme ukutani kwa mkono mtupu. Makosa yote hayo niliyaona kwa macho yanayowasha, na kama ungekuwa mtihani nisingempitisha hata mmoja. Iliyoungua ni printa peke yake. Mimi nimekohoa tu.

Baadaye nilimuuliza Mzee Faki walijuaje kwamba nimo ndani, maana king'ora changu wamekizoea na huwa hawageuzi hata shingo. Akaniambia king'ora hawakukijali. Ni kwamba saa yangu ya kwenda kuwafukuza ilikuwa imepita na mimi sijatokea. Kila siku nikifika pale nikiwapigia filimbi, wao hujua kwamba nimetoka salama na hakuna aliyebaki. Leo walitazamana kwenye baraza zote wakaona amekosekana mmoja.

Profesa, nimesomea kazi hii na nimewafundisha wengine, na mahali pa kukusanyika huwekwa kwa sababu moja tu, ijulikane nani hayupo. Sikujua kwamba muda wote huu nami nilikuwa nahesabiwa. Naomba basi malalamiko yangu, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, pamoja na ule moto mdogo, yachukuliwe kuwa hayakuandikwa, na wakaguzi wakifika waletwe moja kwa moja bandani. Nipo hapa, nimeketi kati ya Mzee Faki na wewe, na barua hii nitakupa mkononi ukimaliza kisa chako. Mama Kafedha anauliza kama wakaguzi hao wanakula pilipili.